Baiskeli ya Dada Somoe na Madumu Mawili ya Maji

Tangu nirudi, kazi haziendi. Kila anayeingia hapa kibandani kuchukua nguo yake anakaa kwenye benchi, anavua viatu, anasema, "Haya Mama Rehema, tupe, ilikuwaje?" Nimesimulia mara nane sasa, na nikisimulia, mikono yangu inashona inavyotaka yenyewe. Juzi gauni la bibi harusi limetoka na mikono miwili ya kushoto. Basi nimeamua kuandika. Karatasi hizi zitakaa mezani chini ya mkasi. Anayetaka asome, kisha aniache nishone.

Kwa asiyejua, dada yangu Somoe aliolewa Kitangari mimi nikiwa bado mtoto, na amebaki kule hata baada ya shemeji kufariki. Ana mikorosho yake, ana nyumba yake ya bati, na ana goti la kulia ambalo limekwisha kabisa. Maji ya kule mnayajua. Bombani yanatoka siku yakijisikia. Siku nyingine ni kuteremka bondeni na baiskeli, kufunga madumu manne, kisha kuisukuma kupanda hadi nyumbani. Mwaka huu goti lilikataa. Mwanawe Bakari, anayeishi Mtwara, akasema inatosha: Jumapili atakuja na gari kumchukua mama yake akakae naye mjini.

Dada alinipigia simu analia, na dada halii ovyo. Alisema, "Mdogo wangu, nikiondolewa hapa nitakuwa mgeni mpaka nife." Nikamsihi Bakari. Akakubali kwa sharti moja: amwone mama yake kwa macho yake mwenyewe akiteremka bondeni na kurudi na maji bila kuomba msaada wa mtu.

Ndipo nikahangaikia ile baiskeli ya umeme. Nilivyoipata naruka, ni habari ndefu isiyo na utamu. Ni baiskeli ngumu ya kubebea mizigo, ina mota ndani ya gurudumu la nyuma, ina betri katikati, na chini ya kiti kuna kiboksi cha bati nene kinachoitwa kontrola. Huyo kontrola ndiye anayegawa umeme wa betri kwenda kwenye mota. Si lazima uipande. Unatembea pembeni, unabonyeza kidude kwa kidole gumba, na yenyewe inapanda kilima na mzigo wake. Nilijaribu hapa Masasi kwa mifuko miwili ya saruji, ikapanda. Nilifurahi mpaka nikaimba barabarani, na mlioniona msikatae.

Masasi hadi Lupaso, ambako sikuwa naenda

Jumatano asubuhi kondakta wa basi aliitazama betri akasema haiingii garini mwake, italipuka. Nikamwambia hata simu yake ina betri. Akasema simu yake haina magurudumu. Nikateremka.

Aliyeniokoa ni Baba Shani, dereva wa fuso iliyosheheni mifuko ya salfa, ile dawa ya unga wa njano ya kupulizia mikorosho. Alisema anapandisha hadi Kitangari, ila "tunapita Lupaso kidogo." Lupaso haiko njiani kwenda Kitangari, hata ukiwa umelewa. Lakini baiskeli yangu ilishafungwa juu ya mifuko, na mimi nimeshakaa mbele, basi tukaondoka.

Hicho kidogo chake kilikula siku nzima. Mifuko miwili ilikuwa imepasuka, wenye salfa wakataka ipimwe upya, mzani ukaenda kutafutwa nyumba ya tatu, na mwenye mzani yuko shamba. Nilikaa kwenye mkeka wa mama mmoja, Mama Zainabu, aliyenikaribisha kwa heshima kubwa mno. Aliniletea muhogo wa kuchemsha na mbaazi za nazi, akanitengea na kiti pia. Nilipomaliza kula akaniuliza kwa nini mikorosho yake miwili inakauka ncha. Nikamjibu yale ambayo kila mtu wa Masasi anayajua, kwamba apulize mapema asubuhi, asingoje jua kali. Akaita majirani wawili waje kusikiliza. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nimedhaniwa bibi shamba, kwa ajili ya fuso ya salfa na mkoba wangu wa ngozi.

Nilijikaza nikasema ukweli: jamani, mimi ni fundi cherehani, mkobani mna futi na sindano. Wakacheka mpaka wakashikana. Mama Zainabu akaingia ndani akatoka na blauzi mbili zilizombana, na jioni yote nikawa natanua mishono kwa mkono. Nililala kwake kwenye kitanda cha binti yake, godoro safi, na alfajiri akanifungia karanga za kukaanga. Mtu ambaye sikumjua jana yake. Mama Zainabu, kama karatasi hii itakufika, bado nakushukuru.

Lupaso hadi Kitangari

Alhamisi tulipanda uwanda wa juu. Fuso ilinguruma, ikapumzishwa, ikamwagiwa maji kwenye rejeta, ikanguruma tena. Kila tulipotikiswa, salfa ilipumua juu yetu. Macho yaliniwasha nikalia machozi kama aliyefiwa. Baba Shani hakulia. Alisema macho yake yameshazoea, lakini alikuwa anaendesha amefumba moja.

Tulifika Kitangari mchana. Mimi nilikuwa wa njano, na baiskeli ilikuwa ya njano juu, nyekundu ya vumbi chini. Dada Somoe alitoka akichechemea, nikampigia goti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Na huyu ndiye mgeni mwenyewe?"

"Ndiye."

Akaizunguka, akaigusa usukani, akaondoa mkono upesi. Kisha akanifukuza nikaoge, maana nanuka salfa. Nilioga kwa ndoo nusu, kwa adabu, nikijua kila kata ya maji yale imepandishwa kutoka wapi. Nikala ugali wa muhogo na kisamvu, nikaswali, nikajinyoosha mkekani, na usingizi ukanibeba.

Niliamshwa na makofi. Nilipotoka, niliona majirani wamesimama duara. Katikati yao baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu, inameta, inachuruzika maji. Dada amejifunga kanga kiunoni, ameshika dodoki, na pembeni yake madumu mawili matupu. Madumu mawili! Maji yake ya siku mbili, kiangazi cha mwezi wa saba, na hajui mengine atayatoa wapi.

"Mgeni wangu wa maana hawezi kuingia ndani na uchafu wa njiani," alisema. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Ningefanya nini? Kule mtu akikumiminia maji amekupa kitu kikubwa kuliko chakula. Na majirani walikuwa wanangoja kuona mnyama anavyotembea. "Iwashe tuone, Mama Rehema!" Nami, kwa kujionyesha tu, nikaisimamisha, nikawasha swichi, nikabonyeza.

Ilisema "tap." Mlio mdogo, kama kucha inavyogonga meza. Ukafuata harufu ya nywele zilizoungua. Basi. Taa ya usukani ilizimika, na nilipojaribu kuisukuma, gurudumu la nyuma likawa linakwenda kwa kushikashika, kama kuna mtu amelikamata kwa ndani.

Watu walitawanyika kimyakimya, mmoja mmoja, kama watu wanaoondoka nyumba ya ugomvi. Dada alibaki amesimama na dodoki lake. "Nimeiua," alisema. Nikamwambia hapana. Akasema, "Nimeiua kwa maji yangu mwenyewe." Usiku ule hakula. Kesho yake ingekuwa Ijumaa, na Bakari anakuja Jumapili.

Kitangari hadi Newala

Jirani mmoja alitupa jina: Fundi Lukasi wa Newala mjini, anayetengeneza spika za kwaya na za msikiti bila ubaguzi. Asubuhi tukapata pikapu iliyobeba makopa ya muhogo, tukailaza baiskeli juu ya magunia. Nilimwambia dada abaki apumzishe goti. Akasema, "Aliyeua ndiye anayesindikiza," akapanda.

Kibanda cha Lukasi kiko nyuma ya soko. Redio zimepangwa mpaka darini, na yeye mwenyewe ni mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, miwani yake imeungwa kwa uzi. Alipojua tumezaliwa Masasi na ni Wayao, uso wake uling'aa, kwa sababu sisi na Wamakonde ni watani.

"Wayao! Nani aliwadanganya mnunue kitu cha umeme? Nyie si mmezoea kubebwa?"

"Tumekuja kuona kama Mmakonde anajua kushika bisibisi," nikamjibu, "au anajua kuchonga vinyago tu."

"Karibuni, watani wangu, mkae. Niambieni ukweli kama mnavyomwambia daktari. Iliingia maji?"

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Kabla dada hajafungua mdomo, mimi nikajibu, "Hapana. Ilizimika tu." Sikutaka mtu wa nje amcheke dada yangu, tena mtani, ambaye angepata maneno ya kumtania mpaka mwakani. Nilidhani namsitiri. Dada akainamisha kichwa, akawa anakunja pindo la kanga yake.

Basi Lukasi akaanza kazi akiwa ameshapotoshwa. Alichukua mita, akaigusisha kwenye betri. "Umeme upo, tena wa kutosha." Akapima swichi, ikawa nzima. Akachomoa waya za breki, maana alisema breki ikibonyea ndani kwa ndani inamwambia kontrola asitoe umeme. Nazo zikawa nzima. Akapima kile kidude cha kidole gumba. Alikuwa anaongea peke yake muda wote, kama mtu anayehesabu watoto walioingia ndani: wewe upo, wewe upo, sasa nani hayupo? Mchana akafunga akatuacha, maana aliitwa kuangalia spika mahali. Alirudi alasiri.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, likashikashika kama jana. Akachomoa zile waya tatu nene zinazotoka kwenye mota kwenda kwa kontrola, akazungusha tena. Likazunguka laini kabisa, lenyewe, bila kusimama.

"Mmeona? Mota haina kosa," alisema. "Anayeishika ni kontrola. Ndani yake kuna njia imeungana pasipotakiwa."

"Sasa?" nikauliza.

Akavua miwani. "Sasa, kama haikuingia maji, basi imezidiwa mzigo ikaungua. Ikiungua hivyo, vya ndani vinakwenda vyote kwa pamoja, na mimi hivyo vyote sina. Mngeagiza nyingine Dar. Wiki mbili, tatu."

Wiki tatu! Keshokutwa Bakari angekuwa mlangoni. Dada akainua kichwa.

"Mwanangu, na ingekuwa imeingia maji?"

"Ingekuwa maji ningeifungua, mama. Maji mara nyingi yanaua kimoja, wenzake wanabaki. Lakini hii imezibwa kwa gundi kila upande, kuipasua bure ni kuiharibu."

"Ipasue," alisema dada. "Niliiogesha mimi. Kwa madumu mawili."

Nilitamani kuingia chini ya benchi. Lukasi alinitazama mimi kwanza, muda mrefu. "Mtani, umenipotezea siku nzima." Kisha akamgeukia dada na sauti ikawa nyingine. "Mama, madumu mawili? Kiangazi hiki?"

"Mawili. Na sabuni."

"Mimi mwenyewe sijaogeshwa hivyo mwaka huu."

Dada akacheka. Alianza kidogo, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile "tap." Nami nikacheka, nikiwa na hatia yangu mapajani.

Lukasi akachukua wembe, akaikata ile gundi polepole kuzunguka kifuniko. Akakiinamisha kiboksi juu ya sahani. Yakatoka maji, kama nusu kikombe cha kahawa, na nyuma yake tope la njano la salfa. Akaitazama sahani akatikisa kichwa.

"Ila mniambie kitu kimoja. Maji peke yake yasingeiua. Ingewekwa juani siku mbili, ikauke, ingekuwa hai. Ilikufa kwa sababu iliwashwa ikiwa mbichi. Aliyewasha nani?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Dada alinitazama. Alinyoosha mgongo, akaketi vizuri kwenye benchi kwa mara ya kwanza siku ile. Nilifurahi, wallahi. Heri lawama ile iwe yangu.

Newala, siku ya pili

Lukasi alikataa kuharakisha. Alisafisha ndani kwa spiriti na mswaki, akaianika ile kontrola wazi juu ya bati, akasema hakuna kuigusa mpaka kesho. Nikamweleza habari ya Jumapili na ya Bakari, yote. Akasema ndiyo maana hataki kuharakisha.

Tulilala kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka kanisani. Mama yule alituuliza tunakula nini na hatuli nini, akatoka, na sufuria akaazima kwa jirani yake Mwislamu ili tusiwe na wasiwasi. Sikumwomba. Alituwekea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini, na chumvi iliyotwangwa na pilipili. Unaumenya kwa vidole, unachovya, unakula, mdomo unawaka, na huwezi kuacha. Dada alikula sahani mbili. Nilimhesabia kila mng'oko kwa furaha.

Jumamosi asubuhi ndani ya kontrola palikuwa pakavu. Lukasi alitufunulia tuone: kwenye ukuta wa bati vidude vyeusi vyenye miguu mitatu mitatu vimepangwa mstari, kama vifungo vya kanzu. Ndivyo vinavyofungua na kufunga umeme kwenda kwenye zile waya tatu za mota. Akavigusa kimoja kimoja kwa mita. Cha kwanza kimya. Cha pili na cha tatu kimya. Cha nne mita ikalia "piiii," na ukitazama kwa karibu, tumbo lake limepasuka.

"Huyu hapa marehemu," alisema. "Na pacha wake namtoa pia, simwamini."

Akatafuta wa kubadilisha. Alipekua makopo, akapekua boksi la chini ya meza, mwishowe akateremsha inveta ya sola iliyokufa zamani, akasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa vidude vyake, akapiga kofi. Vilikuwa vinafaa, hata vina nguvu zaidi. Aliposhika kifaa chake cha kuchomelea risasi, umeme ukakatika soko zima.

Mimi nilikaa chini moja kwa moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, na hakuna aliyejua utarudi saa ngapi. Tukangoja hadi adhuhuri. Lukasi akatazama juu, akatazama dada, akaenda kwa muuza mahindi wa kuchoma aliyekaa mlango wa pili, akaomba nafasi kwenye jiko lake. Akaweka kijiti cha shaba kwenye makaa, katikati ya mahindi, kikawa chekundu. Akakishika kwa koleo, akakimbia nacho hatua sita hadi mezani, akachomelea mguu mmoja, akarudi jikoni. Miguu sita, safari sita na zaidi, kwa sababu mara mbili kilipoa njiani. Muuza mahindi akawa anampulizia makaa na kumwita asikawie. Wateja wake wakasogea kutazama. Alipomaliza, shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Hatuwashi hivihivi," akasema. "Tukikosea itakufa tena." Akachukua balbu mbili za taa ya fuso, akaziunganisha njiani, kati ya betri na kontrola, ili umeme upite kwenye balbu kwanza. Tukasogea wote. Akawasha.

Balbu zikamulika mara moja, zikafifia, zikazima.

Kibanda kizima kikasema "aaah" ya huzuni. Dada akafunika uso kwa kanga. Lukasi alikuwa anaruka. "Mnalia nini? Zingebaki zinawaka ndiyo mngelia! Kuwaka maana yake bado umeme unapita ovyo. Zimezima, imepona!" Akaondoa balbu, akaunganisha moja kwa moja, akamshika dada mkono, akaweka kidole gumba cha dada juu ya kile kidude. "Bonyeza mwenyewe, mama."

Gurudumu likazunguka. Dada alipiga kigelegele kilichowatoa watu dukani. Mimi nilimkumbatia Lukasi, mwanamume wa watu, mbele ya soko, na sijutii.

Akaiziba upya kwa gundi, akaizungushia mpira wa tyubu, akageuza waya zitoke kwa chini ili maji yasifuate. Kisha akamwambia dada kwa upole, "Ukitaka kuiogesha, kitambaa kibichi tu. Maji yaliyobaki oga wewe."

Newala hadi bondeni

Gundi ilipokauka, Jumapili asubuhi tulirudi Kitangari, tukamkuta Bakari ameshafika. Alikuwa amekaa barazani na funguo za gari mkononi, na pembeni yake viroba vitupu vya kufungia vyombo vya mama yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo. Nimesikia imekufa."

"Marahaba," alisema dada. "Ilikufa."

Alifunga madumu manne matupu, mawili kila upande, akateremka. Sisi wawili tukamfuata nyuma kwa mbali, kwa sababu sharti lilikuwa sharti. Kuteremka si kazi. Bondeni alijaza mwenyewe, dumu moja baada ya jingine, akiyainua nusu nusu kwa kata, akakataa hata nimshikie baiskeli.

Kisha akaanza kupanda. Bakari alikuwa amekunja ngumi bila kujijua. Pale penye mwinuko mkali, ambapo siku zote dada alikuwa akisimama kila hatua kumi na kushika goti, akabonyeza. Baiskeli ikanguruma kidogo, kama paka, ikapanda. Dada alikuwa anatembea pembeni yake, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mwingine ukining'inia tu bila kazi. Alisimama mara moja njia nzima, akasalimiana na mwanamke aliyekuwa anateremka. Sikupumua vizuri mpaka nilipoona bati la nyumba yake.

Alipofika uani aliegemeza baiskeli, akafungua madumu, akamimina maji kwenye pipa. Bakari alisimama akiyasikiliza yanavyoingia. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, lakini machozi yalimtoka wazi wazi. Alisema, "Mama, sikutaka kukuhamisha. Niliogopa utaanguka njiani na hakuna wa kuniambia."

"Najua, baba," dada akasema. "Kunywa maji."

Akanywa kata nzima. Kisha akaingia barazani, akavikunja vile viroba kimoja kimoja na kuviweka garini.

Kurudi Masasi

Bakari aliondoka siku ileile. Mimi nilikuwa niondoke Jumatatu asubuhi, na gari la kuteremka lilikuwa linipitie saa mbili. Nilipoamka, chai ilikuwa kwenye chupa, kiporo cha muhogo kimefunikwa, na dada hayupo. Baiskeli nayo haipo. Nilingoja. Nilikunywa chai, nikafagia uwanja, nikangoja tena. Gari likaja, likapiga honi, dereva hana subira.

Mnajua kwetu mgeni haondoki hivyo. Mwenyeji anakusindikiza hadi barabarani, anakushika mkono, anakukumbusha salamu za kila mtu. Miaka yote dada amenisindikiza na goti lake lile, hata nikimkataza. Safari hii nilifunga mlango mwenyewe na kubeba mkoba wangu peke yangu hadi garini.

Tulikuwa tumeshapita nyumba za mwisho simu ilipoita.

"Mama Rehema, uko wapi? Nisamehe, mdogo wangu. Nilijua nitawahi. Nilikuwa nimeshapandisha maji yangu, halafu nikamwona jirani yangu Mama Saidi na mgongo wake ule mbovu, nikamwambia akae, nimrudie na yake. Ndiyo nipo kilimani hapa. Umeondoka bila kuagwa!"

"Nimeondoka, dada."

"Umenikasirikia?"

Niliibana simu sikioni. Kwenye simu nilikuwa nausikia ule mngurumo mdogo, na madumu yakigongana, na dada yangu akipanda kilima huku anaongea, wala hahemi.